CHAKULA CHETU CHA JUMA LA KAZI NA CHA MKUTANO

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, yameandikwa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamuni)



Halmashauri imetuomba tuseme habari za chakula. Sisi ni watu wa reli kama ninyi, na elimu yetu ni ile ya shule ya msingi ya misheni. Upishi hatukufundishwa darasani. Tumefundishwa na zamu za usiku, kwa maana mtu arudiye nyumbani saa 12 asubuhi na kukuta jiko baridi hana budi kujua kuliwasha.

Wako watakaouliza: mambo ya sufuria yanaingiaje katika mkutano wa chama cha wafanya kazi? Si afadhali tuzungumze juu ya mshahara? Ndugu, mshahara una milango miwili. Mlango wa kwanza ni ule unaoingilia, na hapo ndipo chama chetu kinaposimama kila mwaka kudai. Mlango wa pili ni ule unaotokea, na mkubwa kuliko yote ya kutokea ni tumbo. Fedha zikiongezwa mlango wa kwanza, zikamwagika mlango wa pili, tutarudi pale pale.

Lakini tuseme jambo moja wazi kabla hatujaendelea, ili mtu asije akayageuza maneno yetu. Hatusemi ya kwamba mshahara unatosha ikiwa mtu atajua kupika maharagwe. Mshahara mdogo ni mdogo tu, hata ukipikwa namna gani. Tunalosema ni hili: mtu mwenye deni la chakula hana nguvu ya kudai haki yake. Mnalijua daftari la kibandani. Asubuhi chai na mandazi, mchana ugali na nyama, jioni tena, yote yaandikwa. Na siku ya mshahara mwenye kibanda yuko mlangoni kabla ya mke na watoto. Mtu wa namna hiyo, chama kikisema tusimame pamoja, moyo wake wataka lakini daftari lamkataza. Hii ndiyo sababu yetu ya kuleta sufuria katika mkutano.

MAMBO YA ZAMANI

Reli hii ilianza kujengwa Mombasa katika mwaka 1896. Ilifika Nairobi 1899, na ziwani, pale Kisumu, 1901. Watu walioijenga, Wahindi na Waafrika, walipewa chakula kwa kupimiwa. Kipimo hicho kiliitwa posho. Neno hilo limeshika hata leo, kwa maana katika Uganda ukitaka ugali waomba posho. Katika siku hizo aliyeshika kibaba ndiye aliyeamua mtu ale nini na kiasi gani.

Tena katika Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari, wa reli na wengine wengi, waligoma karibu majuma mawili. Jambo kubwa lililowasumbua ni bei ya vitu kupanda, na mshahara kubaki nyuma. Basi mkiona twasema habari za unga na maharagwe, msidhani ya kuwa ni jambo jipya. Wazee wetu walilijua. Leo hatupimiwi tena posho. Twapewa fedha, nasi wenyewe twaamua. Uhuru huo tuutumie kwa akili.

SUFURIA YA JUMAPILI

Sasa tuingie jikoni. Chakula cha juma lenye kazi nyingi chahitaji mambo matatu: kiwe rahisi, kishibishe, na kisimchoshe mtu aliyechoka.

Cha kwanza ni githeri. Chakula hiki ni cha watu wote. Wakikuyu husema githeri, Wakamba husema isyo, Waluo husema nyoyo, na jirani zetu wa Tanzania husema makande. Mahindi na maharagwe yakiliwa pamoja humjenga mtu vizuri kuliko kila kimoja peke yake, kwa sababu kinachopungua katika mahindi chapatikana katika maharagwe. Kipimo chetu ni mahindi makopo mawili kwa maharagwe kopo moja. Loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, tia maji mapya, chemsha.

Hapa kuna onyo. Maharagwe, zaidi yale mekundu, yana sumu yake ya asili ambayo huisha kwa kuchemshwa kwa nguvu, maji yakitokota dakika 10 au zaidi. Moto mdogo peke yake hauiondoi. Kwa hiyo mtu asiharakishe kula maharagwe yaliyo magumu katikati. Tumbo litamwangusha kazini.

Mahindi makavu hula makaa mengi. Dawa yake ni kikapu cha kupikia. Chukua kikapu kikubwa au sanduku, weka ndani blanketi kuukuu au nguo zilizokatika, fanya shimo la sufuria katikati. Chemsha githeri kwa nguvu muda wa dakika 45, funika vizuri, itie sufuria ikingali inatokota, kisha ifunike kwa mto mnene. Nenda kanisani, nenda mkutanoni, nenda ukalale. Baada ya saa nne au tano utaikuta imeendelea kuiva pasipo makaa. Irudishe motoni ichemke tena, imalizike, na uile.

Githeri moja hutoa vyakula vingi. Jumapili ile na kitunguu na nyanya. Jumatatu tia sukuma wiki. Jumanne chemsha viazi, ponda pamoja na majani ya maboga, na hiyo ni mukimo. Lakini mwenye friji ndiye awezaye kuweka chakula siku mbili tatu. Asiye na friji, apike cha siku moja tu, na hasa ndugu zetu wa Mombasa, kwa sababu joto la pwani huharibu chakula upesi. Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Wali hasa ni mdanganyifu: huonekana mzuri na kumbe umeharibika, na kuupasha moto hakuondoi ubaya ulioingia.

Kwa asiye na friji, akiba yake iwe ya vitu vikavu. Jumapili apime ndengu, maharagwe na unga wa uji, kila siku na mfuko wake. Jioni anyoshe mkono tu na kuloweka. Kazi ya kufikiri imekwisha kufanywa siku alipokuwa na nafasi.

Na sukuma wiki, jina lake lasema lenyewe: mboga ya kulisukuma juma mpaka mwisho. Ioshe kabla ya kuikata, si baada. Kaanga kitunguu, tia nyanya, tia mboga, dakika tano yatosha. Ikiliwa pamoja na maharagwe, ile nyanya, au ndimu kidogo, husaidia mwili kuipata ile madini ya chuma iliyo katika maharagwe. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula hicho huizuia. Basi chai tuinywe mbali kidogo na chakula.

CHAKULA CHA ZAMUNI

Ndugu, kazi yetu si ya mchezo. Anayeunganisha mabehewa, anayegeuza njia, anayeshika ishara, anayetengeneza reli juani, wote hao wakiwa na njaa ni hatari kwao wenyewe na kwa wengine. Saa 9 ya usiku mwili hulegea. Mtu aliyekunywa soda tangu jioni macho yake hayaoni sawasawa na ya mtu aliyekula.

Vitu vya kubeba viko vingi, na vyote vya nyumbani. Viazi vitamu na nduma za kuchemsha. Mayai ya kuchemsha. Ndizi. Njugu karanga za kukaanga bila mafuta, kiganja kimoja au viwili. Mahindi ya kuchemsha wakati wake. Na uji wa wimbi katika thamosi.

Uji wenyewe hivi: maji vikombe vinne, unga nusu kikombe. Koroga unga kwanza kwa maji baridi, umimine katika maji yanayotokota huku ukikoroga, uive dakika 10 hadi 15. Tia maziwa au ndimu, sukari kidogo. Thamosi ioshwe kwa maji ya moto kabla ya kutiwa uji, la sivyo uji utachacha vibaya kabla ya usiku wa manane.

Na chapati. Neno hili ni la Kihindi, na leo hakuna arusi wala Krismasi ya Mkenya isiyo na chapati. Unga wa ngano vikombe vinne, maji ya uvuguvugu kikombe kimoja na nusu, chumvi kijiko kidogo, mafuta vijiko vitatu. Kanda mpaka unga uwe laini, uache nusu saa upumzike, kisha sukuma. Zitatoka kama 10. Viringisha chapati na ndengu zilizokaukia vizuri ndani yake, funga kwa karatasi safi: hicho ni chakula kamili, na chaliwa kwa mkono mmoja.

KAZI YA JIKO NI YA NANI?

Tumesikia wanaume wakisema upishi ni kazi ya akina mama. Katika tawi letu wako dada zetu wanaofanya kazi ofisini, stesheni na garini. Wanatoka alfajiri na kurudi saa 1 jioni kama sisi. Ikiwa wote wawili wametoka na wote wawili wamechoka, kwa nini mmoja aketi na mwingine apulize moto? Mtu awezaye kuangalia injini hashindwi kuangalia sufuria. Tena hata mke akiwa nyumbani mashambani na mume peke yake mjini, kama ilivyo kwa wengi wetu, mume huyo asiyejua kupika ndiye mali ya mwenye kibanda.

Hatusemi kibanda ni adui. Mama wa kibandani naye ni mtu wa jasho kama sisi. Tununue kwake tukiwa na fedha mkononi, tusimfanye kuwa benki.

CHAKULA CHA MKUTANO

Sasa tufike mahali penye maneno mengi. Mikutano yetu mingine hukosa watu, na mingine hujaa. Tumeuliza sababu. Mara nyingi jawabu ni chai.

Si aibu. Mtu aliyetoka zamuni hawezi kukaa saa tatu na tumbo tupu akisikiliza hesabu za chama. Aibu ni jambo jingine: nani ameileta hiyo chai? Tumepata kuona, na mahali hapo hatupataji, bwana mwenye kutaka cheo akileta mikate na soda siku ya uchaguzi wa tawi. Hakuomba kura kwa mdomo. Watu walikula, wakashukuru, kisha wakaona haya kumkataa. Baadaye tawi lile lilipotaka kuuliza habari za fedha, hakuna aliyesimama. Mkate wa bure ulikuwa umekwisha kulipiwa.

Wazee walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Basi chakula cha mkutano kitoke katika mikono yetu wenyewe. Tufanye hesabu ya watu 50, mtaona si mzigo.

Chai: maji lita 8, maziwa lita 4 na nusu, majani ya chai gramu 125, sukari kilo moja. Kila mtu apata kikombe kilichojaa. Tangawizi iliyopondwa itiwe katika maji kabla ya majani.

Mandazi: mawili kwa kila mtu ni 100. Kilo moja ya unga hutoa kama 30 ya kiasi, kwa hiyo kilo tatu na nusu. Kwa kila kilo tia sukari kikombe kimoja kisichojaa, hamira vijiko vidogo vitatu, iliki iliyosagwa, na maji ya uvuguvugu kama nusu lita, ukiongeza kidogo kidogo mpaka unga ushikane. Funika saa moja uumuke, kata, kaanga katika mafuta yenye moto wa kiasi. Mafuta yakiwa baridi, mandazi hunywa mafuta. Yakiwa makali mno, huungua nje na ndani ni mabichi. Ndugu wa pwani watatia tui la nazi mahali pa maji, na hayo wanayaita mahamri.

Ikiwa mkutano ni wa kutwa, tupike githeri: mahindi gorogoro mbili, maharagwe gorogoro moja, yaani kama kilo 4 na kilo 2, viazi kilo tatu, vitunguu, nyanya, na kabichi ya kachumbari. Hiyo yawatosha watu 50 bila mtu kuondoka na njaa.

Sasa gawanyeni mzigo huo. Mmoja alete kilo ya unga, mwingine sukari, mwingine maziwa, mwingine makaa, na asiye na kitu alete mikono yake ya kukanda. Haba na haba hujaza kibaba. Hakuna atakayetoa kitu cha kumuumiza, na hakuna atakayesimama siku ya kura kusema, mimi ndimi niliyewalisha.

Wapishi wa mkutano waoshe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mwenye kuharisha asiguse chakula siku hiyo, ajapokuwa fundi mkubwa. Mtu mmoja awezaye kuugusa unga aweza kulilaza tawi zima.

GUNIA LA PAMOJA

Jambo la mwisho ni akiba. Mahindi huwa rahisi baada ya mavuno, na huko Bonde la Ufa mavuno makubwa huwa mwishoni mwa mwaka. Gunia ni kilo 90. Nyumba kumi zikishirikiana, kila moja yapata kilo 9 kwa bei ya gunia, si kwa bei ya kopo. Mshahara ukichelewa, au chama kikitulazimu kusimama, nyumba yenye mahindi kilo 9 haianzi kulia siku ya tatu.

Lakini mahindi yawe makavu. Katika mwaka 2004, huko Ukambani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mahindi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au yenye harufu, msile, wala msiwape kuku na ng'ombe. Kuyajaribu ni rahisi: tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi yana maji. Yaanikwe tena juu ya turubali, yasilazwe ardhini. Kisha gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Na juu ya makaa, neno moja zito. Wakati wa baridi wako watu wanaoingiza jiko chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Jiko la makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia. Mtu hulala asiamke. Pikeni penye hewa, na jiko lisilale na watu.

TUNAYOOMBA

Bwana Mwenyekiti, twaleta mambo matatu mbele ya wanachama, wayakubali au wayakatae.

La kwanza: tangu sasa chakula cha mikutano ya tawi kitoke kwa wanachama tu, na yeyote anayetafuta cheo, akitaka kuchanga, achange kama wengine, kilo yake moja, bila kutangazwa.

La pili: iandikwe orodha ya wapishi, wanaume na wanawake kwa zamu, kama tunavyoandikwa zamu za kazi.

La tatu: wachaguliwe watu watatu waaminifu wa kununua gunia baada ya mavuno, na hesabu yake isomwe hadharani, shilingi kwa shilingi, na risiti zionekane.

Haya si badala ya kudai. Tutakwenda kwa wakubwa wa kazi kuomba nyongeza kama kawaida, na tutaomba kwa nguvu zaidi, kwa sababu hatutakuwa tukitazama saa kwa kuogopa mwenye daftari. Tena tunalo ombi dogo kwao liingizwe katika madai: katika kila stesheni na karakana pawe na mahali pa kupasha chakula moto, na maji safi ya kunywa. Mtu aliyebeba githeri yake kutoka nyumbani asiile baridi penye mvua.

Ndugu zetu mtakaosoma maneno haya mkiwa mbali, stesheni ndogo za njiani, hesabu ni ile ile. Pungezeni kwa idadi yenu. Watano hutosha kununua nusu gunia.

Tumesema ya kutosha. Chai iko tayari pale nyuma, na unga wake umetoka nyumba kumi na nne za tawi hili. Karibuni.